Tumbo la Mteja wa Mwaka

Nchi ya Shangweni haimo kwenye ramani, na hilo si kosa la wachora ramani. Wanaoijua wanaijua, na wasioijua waendelee tu kuishi humo bila wasiwasi. Ni nchi yenye vilima, redio moja, na serikali inayowapenda wananchi wake kiasi kwamba haipendi kabisa kuwasikia wakilalamika, maana malalamiko humuumiza mlalamikaji koo.

Kabla mambo hayajanyooka, Kliniki Kuu ya Mifugo ya Shangweni ndiyo iliyokuwa ikilalamikiwa kuliko ofisi zote. Watu walisema dawa hazipo, walisema daktari yuko semina, na kuna aliyesema kwamba kuku wake aliyelazwa kwa mafua alirudishiwa mfuko wa manyoya na salamu za pole. Serikali, ambayo haijawahi kulifumbia macho tatizo bila kwanza kuunda kamati, iliunda kamati. Kamati ikasafiri nchi za mbali kujifunza jinsi wenzetu wanavyowahudumia wateja, ikakaa huko mpaka suruali zikaanza kuwabana, ikarudi na jambo moja zito. Mteja ndiye wa kwanza, na ni lazima asikilizwe yeye mwenyewe, si watu wa pembeni.

Hapo kamati ikagundua kosa la miaka yote. Mteja wa kliniki ya mifugo ni nani? Anayedungwa sindano ni nani? Basi mteja ni mnyama, na yule mtu anayemvuta kwa kamba ni msindikizaji, na msindikizaji amekuwa akimsemea mwenzake bila kutumwa.

Sera mpya ikaandikwa ukutani kwa rangi ya bluu, herufi kubwa, kutoka mlangoni mpaka chooni. Mteja atapokewa kwa heshima na kupewa kiti. Msindikizaji atasimama. Ugonjwa ni siri ya mteja, kwa hiyo msindikizaji haruhusiwi kuutaja. Mteja atajieleza kupitia Mkalimani wa Serikali. Na mwenye malalamiko sharti awe mteja. Tangu rangi ile ilipokauka, Kliniki Kuu haijapokea lalamiko hata moja, na nchi jirani zimekuwa zikituma wajumbe kuja kuchukua ujuzi.

Nyamizi hakuwa na habari ya haya yote. Alikuwa mjane wa kitongoji cha Kidevuni, mwenye ng'ombe mmoja aitwaye Madoa na mjukuu mmoja aitwaye Maige. Mama yake Maige alikuwa amekwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani, na mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama dede, alilelewa kwa maziwa ya Madoa. Majirani walipenda kutania kwamba mtoto yule ana bibi wawili, ila mmoja ana pembe.

Asubuhi hiyo Madoa alikata kamba, akaingia kwenye maharage ya jirani kukiwa bado na umande, akala majani mpaka mwenye shamba alipoamka. Jua lilipochomoza vizuri, ubavu wake wa kushoto ulikuwa umeumuka kama unga wa maandazi. Alikuwa hatafuni, hasogei, anakoroma na kudondosha mate. Nyamizi aliugonga ubavu ule kwa vidole ukalia kama ngoma. Aliwahi kuona ng'ombe wa shemeji yake akivimba hivyo asubuhi na kuzikwa kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Alimkabidhi Maige kwa jirani yule yule mwenye maharage, ambaye alimpokea mtoto huku bado anagomba, kisha yeye mwenyewe akamkokota Madoa kuelekea mjini. Njia nzima alikuwa akimwambia ng'ombe jikaze mama, jikaze, tumekaribia, na walikuwa hawajakaribia.

Mapokezini alikuwapo binti mmoja nadhifu, Tulinagwe, aliyekuwa ameihifadhi sera yote kwa moyo na kuipenda. Alisimama, akamtazama Madoa usoni, akasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," Nyamizi akaitika, huku anahema.

"Samahani, mama. Nilikuwa namsalimu mteja."

Pembeni ya meza, kwenye kigoda chenye nembo ya taifa, aliketi Bwana Tamimu, Mkalimani wa Serikali. Huyu zamani alikuwa akisoma matangazo ya vifo redioni, na sauti yake nzito ndiyo iliyompatia kazi. Lugha za wanyama alijifunza kwenye warsha, ambayo bahati mbaya ilivunjika kabla ya kufika sehemu ya wanyama. Alikuwa mtu mpole asiyependa kugombana na yeyote, na katika miaka yake yote ya utumishi alikuwa ametafsiri jambo moja tu. Mbuzi akilia, anashukuru. Paka akifuta machozi, anashukuru. Mbwa alipomng'ata Tamimu mwenyewe pajani, alitafsiri huku akisaga meno kwamba mteja anashukuru kwa dhati.

Madoa akakoroma. Bwana Tamimu akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akasema kwamba mteja ameitika marahaba na anashukuru kwa mapokezi.

Nyamizi akafungua kinywa kusema tumbo. Tulinagwe akanyanyua kidole, akamwonyesha ukuta. Nyamizi akasema ni maharage. Akaonyeshwa ukuta tena. Akaanza kusema kwamba yeye si msindikizaji, yeye ndiye mwenye ng'ombe, na binti akamweleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni, kwamba siku hizi hakuna mwenye mteja, wateja wote wako huru. Kisha akamsogezea Madoa kiti cha plastiki. Sera ilisema mteja hawezi kuonana na daktari kabla ya kuketi, na Madoa alikuwa hajawahi kuketi kwenye kiti tangu azaliwe. Walimgeuza, wakamrudisha kinyumenyume mpaka mkia ukalalia kiti, na Tulinagwe, ambaye hakuwa na roho mbaya, akakubali kwamba kwa mteja mwenye umbo lile, hapo ameketi.

Daktari Lubango alitoka chumbani kwake, akamwona Madoa, na uso wake ukabadilika. Kwa muda mrefu alikuwa amewatibu wateja kwa kubahatisha kutokana na shukrani zao, lakini hili halikuhitaji tafsiri. Hakuuliza kitu. Alirudi ndani mbio, akatoka na mpira mrefu wa kupitisha kooni na chupa ya dawa, akamwambia Nyamizi ashike pembe. Nyamizi alishika pembe kwa mikono miwili na moyo wake ukatulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Ni wakati huo huo Afisa Itifaki alipoingia. Alikuwa ametangulia kuandaa mapokezi ya Waziri wa Mifugo na Shangwe, aliyekuwa njiani kuja kuadhimisha mafanikio ya sera na kumtunuku nishani Mteja wa Mwaka. Mteja aliyekuwa ameandaliwa, kondoo mmoja wa kuazima, alikuwa amefia kwenye gari kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano na sera. Afisa alikuwa anatoka jasho. Alipomwona Madoa, jasho lilikatika.

Alimzunguka. Alitazama ule ubavu uliojaa, ngozi iliyovutika mpaka inang'aa, akatikisa kichwa kwa furaha. Tangu aanze kazi alikuwa amesoma hotuba nyingi kuhusu mifugo iliyonawiri, lakini hakuwahi kukutana nayo uso kwa uso.

"Huyu ndiye," akasema. "Asiguswe."

Daktari akaeleza kwamba ile ni gesi, kwamba mnyama amevimba na bila kupunguzwa atabanwa pumzi. Afisa akalirudia lile neno, kupunguzwa, taratibu, kisha akauliza kama daktari anajua kwamba hotuba ya Mheshimiwa inazungumzia ongezeko, ukurasa hadi ukurasa. Angependa kujua ni nani aliyemtuma daktari kupunguza, siku kama hii, mbele ya redio. Daktari alikuwa na mke, na nyumba ya serikali, na hamu ya kuendelea kuwa navyo. Aliukunja ule mpira, akauweka mfukoni.

"Baba, anakufa," akasema Nyamizi.

Afisa akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Anakufa kwa kunenepa?"

Nyamizi alimtazama Madoa, akamfikiria Maige ameketi kwa jirani akiwa na kikombe kitupu, na machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya watu. Bwana Tamimu, ambaye machozi yalimpa taabu hata yakiwa ya mbuzi, aliangalia viatu vyake.

Uani turubai lilikwisha kufungwa. Kulikuwa na jukwaa la mbao la mgeni rasmi, viti vya wateja mstari wa mbele vikiwa na mbuzi, bata na punda mmoja mzee, na wasindikizaji wamesimama nyuma juani. Jikoni walikuwa wanakaanga maandazi ya wageni. Nyamizi aliamriwa amtembeze Madoa mpaka uani, lakini polepole, asije akapungua njiani.

Daktari Lubango aliwafuata. Hakuwa jasiri, ila alikuwa na aibu, na aibu ikizidi sana humsukuma mtu. Alijifanya anakagua mkia, akamnong'oneza Nyamizi kwamba mnyama aliyevimba akisimama miguu ya mbele ikiwa juu, hewa hupata njia. Akiwekewa kijiti mdomoni akawa anakitafuna, husaidia. Na mafuta ya kupikia yakipita kooni, povu la gesi lililojaa tumboni huvunjika. Kisha akajiweka sawa, akakohoa, na kumgeukia Afisa Itifaki kwa sauti ya mtu anayesoma waraka.

Alisema kwamba kwa mujibu wa sera, mteja yuko juu ya wasindikizaji, na itakuwa aibu Mteja wa Mwaka kupokea nishani akiwa chini kama mtu yeyote. Afisa hakuwa amelifikiria hilo, na hakupenda ionekane hivyo, kwa hiyo akaagiza mara moja mteja apandishwe jukwaani. Wakapandisha miguu ya mbele, ya nyuma ikabaki ardhini, maana mbao zisingehimili zaidi. Daktari akaongeza kwamba ingependeza mteja akishika bendera. Ikaletwa ya taifa, yenye mti mfupi. Mti ukapitishwa mdomoni mwa Madoa, ukafungwa nyuma ya pembe kwa utepe, bendera ikaning'inia shavuni, na Madoa akaanza kuutafuna mti wa bendera ya nchi yake. Waandishi walipiga picha nyingi.

Yakabaki mafuta. Daktari hakuwa na waraka wa mafuta. Nyamizi alimfuata Tulinagwe aliyekuwa anapanga vinywaji vya wageni, akamshika mkono.

"Mwanangu, sijiombei kitu mimi. Sera yenu inasemaje mteja akiwa na kiu?"

Binti akafikiri. Sera ilisema mteja atapewa kinywaji kabla ya mgeni yeyote. Ilisema pia mteja huchagua mwenyewe kinywaji chake. Tulinagwe akamtazama Bwana Tamimu, aliyekuwa amekileta kigoda chake uani, na Bwana Tamimu akamtazama Madoa, aliyekuwa ametoa ulimi na macho yameanza kumpinduka. Mkalimani akasema, kwa sauti ndogo isiyofanana na yake, kwamba mteja anashukuru, na kwamba akipata mafuta ya kupikia atashukuru zaidi. Tulinagwe akaenda jikoni akachukua chupa nzima ya mafuta ya maandazi, na kwa kuwa sera ni sera, akaileta kwenye sinia, juu ya kitambaa cheupe. Nyamizi akamnywesha Madoa kidogokidogo pembeni mwa mdomo, akimsugua koo kwa kiganja.

Waziri akafika. Ngoma zikapigwa, nyimbo zikaimbwa, punda akashukuru kwa niaba ya wanyama wa mizigo. Mheshimiwa akapanda jukwaani, akasimama bega kwa bega na Madoa, kipaza sauti kikiwa katikati yao, na redio ya taifa ikaunganishwa hewani nchi nzima.

Alisema wako watu, hakuwataja, wanaopita mitaani wakisema kwamba Shangweni kuna njaa. Aliwaomba watu hao, kama wana macho, waje watazame tumbo hili. Akaliwekea mkono. Akasema tumbo hili halikuja lenyewe, limejengwa kwa mipango, awamu kwa awamu. Akasema tumbo hili ni la kila mwananchi, hata yule ambaye hajala leo, kwa kuwa mafanikio hayana ubinafsi. Watu wakapiga makofi. Nyamizi alikuwa chini ya jukwaa ameshika kamba, anausikiliza ubavu wa Madoa ukinguruma ndani, na hakusikia neno lolote la hotuba.

Afisa Itifaki alikuwa wa kwanza kuona kwamba kichwa cha ng'ombe kilikuwa juu kuliko kichwa cha Mheshimiwa. Jasho lilimrudia. Alimsogelea Nyamizi akiwa ameinama, akamwamuru amshushe mnyama huyo upesi. Nyamizi aliizungusha kamba kwenye ngumi yake mara nyingine. Alikuwa amekwisha kujifunza kusoma ukuta.

"Mimi ni msindikizaji tu, baba. Muulizeni mteja."

Afisa akamgeukia mkalimani. Bwana Tamimu akakunja mikono mbele ya tumbo lake, akasema mteja anashukuru sana, ataendelea kusimama.

Waziri alikuwa amefika mahali ambapo hotuba iliandikwa kwa herufi kubwa. "Na kama kuna anayetilia shaka shibe hii," akasema, "na aseme sasa."

Madoa akabeua.

Haikuwa kubeua kwa kawaida. Ilianzia mbali, nyuma ya mbavu, ikapanda na shingo, ikatokea kinywani ikiwa ndefu na nzito na yenye harufu ya maharage, ikaingia kwenye kipaza sauti na kusikika maofisini, sokoni, madarasani na kwenye magari yote yenye redio katika Jamhuri ya Shangweni. Bendera ilipepea. Ilipokwisha ikaja ya pili, kisha nyingine ndogondogo. Na kila ilipotoka, lile tumbo lilikuwa linashuka chini ya mkono wa Mheshimiwa mbele ya macho ya wote, mpaka mbavu zikaanza kuonekana, moja moja, na mwisho akabaki amesimama pale ng'ombe mwembamba wa Kidevuni. Alitikisa masikio. Nyamizi akaweka paji lake la uso kwenye mguu wa Madoa akalia kwa furaha bila kujificha.

Waziri alikuwa bado ameushikilia mkono wake hewani, mahali ulipokuwa ubavu.

"Mteja amesema nini?" akauliza.

Kila mtu akamgeukia Bwana Tamimu, na yeye akasimama kutoka kwenye kigoda chake. Jibu alikuwa nalo, ni lile lile la siku zote, lilikuwa tayari mdomoni. Akamtazama ng'ombe, akamtazama yule mama aliyekuwa analia. Akakisogelea kipaza sauti na, kwa ile sauti aliyokuwa akiwatangazia watu misiba yao, akatafsiri.

"Mteja anasema ile haikuwa shibe."

Redio ya taifa ikaanza kupiga muziki wa bendi ya polisi, na ikaupiga mpaka jua likazama.

Serikali haikukasirika, maana serikali ya Shangweni haikasiriki. Iliunda kamati. Kamati ilipima tumbo la Madoa kwa kamba, ikalilinganisha na tumbo lililoko kwenye picha, na kuthibitisha kitaalamu kwamba hawa hawawezi kuwa ng'ombe mmoja. Basi ikatamkwa kwamba Mteja wa Mwaka alifariki dunia jukwaani kutokana na furaha, na kwamba huyu mwingine, mwembamba, hajulikani alikotoka wala hatambuliki. Nyamizi aliruhusiwa kuondoka na mnyama asiyetambulika, akaondoka upesi kabla hawajabadili mawazo. Nishani ilizikwa kwa heshima zote mahali pa mteja, na Waziri alisoma wasifu wa marehemu. Daktari Lubango alionywa vikali kwa kuacha mteja apone bila kibali. Tulinagwe alisifiwa kwa kufuata sera. Bwana Tamimu alihamishiwa kwenye bwawa la serikali kuwa Mkalimani wa Samaki, ambao kwa tabia yao hawana mengi, na wanaomwona huko wanasema amenenepa kidogo, kwa kweli.

Ukutani kukaongezwa mstari mmoja wa rangi ya bluu, na baadaye ukasomwa redioni ili uwahusu wote, wateja na wasindikizaji. Kubeua hadharani ni kutoa maoni, na maoni hutolewa kwa kibali.

Jioni ya mazishi, redio ya jirani ilikuwa inatoa wasifu wa marehemu kwa sauti ya juu, jinsi alivyokuwa mnene, jinsi alivyoipenda nchi yake. Nyamizi alikuwa zizini amechuchumaa, anamkamua marehemu. Alichemsha maziwa, akayapooza, akampakata Maige mlangoni na kumnywesha kikombe kizima. Mtoto alipomaliza, akanyooka, akabeua kwa nguvu zote za umri wake.

Jirani mwenye maharage, aliyekuwa anapita, alisimama ghafla, akatazama kushoto na kulia njiani. Nyamizi naye akatazama. Kisha akamlaza Maige begani, akaanza kumpigapiga mgongo taratibu, atoe na nyingine.